Mfahamu Domenico Savio, mwanafunzi aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 15

Huenda jina lake unalifahamu kutoka kigango cha kwenu, au kutoka kwenye kikundi cha watoto wanaotumikia Misa: Mtakatifu Dominiko Savio. Kwao Italia aliitwa Domenico. Picha yake nayo imezoeleka: mvulana mwembamba, nywele zimechanwa vizuri, macho ameyainua juu. Picha hiyo imemdhulumu kidogo. Ukiitazama unadhani ni mtoto ambaye hakuwahi kukimbia wala kuchafua nguo.

Tumeamua kueleza maisha yake kwa sababu moja. Kijana huyu hakuwa padri, hakuwa mtawa, na hakuuawa kwa ajili ya dini. Alikuwa mwanafunzi. Karibu yote tunayoyajua juu yake yalitokea njiani kwenda shule, darasani, bwenini na uwanjani. Tena si yote aliyoyafanya kwa ajili ya imani yake yalimfurahisha mlezi wake. Mengine alikatazwa kabisa, na hapo ndipo habari yake inapotuvutia zaidi.

Mtoto wa mhunzi

Domenico alizaliwa tarehe 2 Aprili 1842 huko Riva, karibu na mji wa Chieri, kaskazini mwa Italia ya leo. Wakati huo Italia haikuwa bado nchi moja. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia. Baba yake, Carlo, alikuwa mhunzi. Mama yake, Brigida, alikuwa mshonaji. Walipata watoto 10, na kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za enzi hizo, baadhi yao walizikwa wakiwa wadogo. Familia ilihama kutafuta maisha, kwanza kwenda Murialdo, baadaye Mondonio, vijiji vya wakulima vilivyo juu ya vilima.

Akiwa na miaka 5 alikwisha kujifunza kutumikia Misa. Asubuhi nyingine alifika kanisani kabla mlango haujafunguliwa, akapiga magoti nje kusubiri, hata wakati wa baridi. Watoto wa zama zile walipokea Komunyo ya kwanza wakiwa na miaka 11 au 12. Yeye alikubaliwa akiwa na miaka 7, siku ya Pasaka ya mwaka 1849, baada ya paroko wake kushauriana na mapadri wenzake. Siku hiyo aliandika maazimio machache kwenye daftari: kuungama mara kwa mara, kuziheshimu sikukuu, kuwafanya Yesu na Maria kuwa marafiki zake, na kuona afadhali kufa kuliko kutenda dhambi. Ni maneno mazito kwa mtoto wa miaka 7. Baadhi yetu tunayasoma kwa wasiwasi kidogo. Lakini aliyaweka, na akawa akiyasoma tena mara kwa mara hadi mwisho.

Alipofika miaka 10 alianza kusoma Castelnuovo, umbali wa kilomita 4 au 5 kutoka nyumbani. Masomo yalikuwa asubuhi na alasiri, kwa hiyo alikwenda, akarudi kula, akaenda tena, akarudi jioni. Msikilizaji wa kijijini hahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ina maana gani wakati wa jua kali au matope. Siku moja ya joto mkulima mmoja alimwuliza kama haogopi kutembea peke yake. Alijibu kwamba ana malaika wake mlinzi. Mkulima akauliza kama hachoki. Akajibu kwamba anamfanyia kazi bwana anayelipa vizuri.

Njia hiyo ilikuwa na vishawishi vyake pia. Wenzake walimvuta waende kuogelea, mahali ambapo mchezo uliambatana na maneno machafu na mambo mengine yasiyofaa. Mara ya kwanza alikwenda. Baadaye alielezwa hatari iliyokuwapo, akajuta. Walipomwita tena alisema ataomba kwanza ruhusa ya mama yake, na kama mama hatapenda, basi si jambo jema.

Tunajua habari hizi kwa sababu ya kitabu kimoja. Padri Giovanni Bosco, ambaye wengi wetu tunamwita Don Bosco, alikuwa mlezi na muungamishi wa Domenico. Aliandika maisha yake na kuyachapisha Januari 1859, kabla hata miaka 2 haijapita tangu kifo chake. Wasomaji wa kwanza walikuwa wavulana waliolala naye bweni moja, na si rahisi kuwadanganya watu wa namna hiyo. Katika toleo la kwanza Don Bosco alikuwa ameandika tu kwamba Domenico alikataa kwenda kuogelea. Mmoja wa waliokuwa naye akalalamika kwamba si kweli, mara ya kwanza alikwenda. Toleo lililofuata likasahihishwa. Sisi tunakiamini kitabu hicho zaidi kwa sababu ya sahihisho hilo.

Jiko lililojazwa theluji

Mwaka 1853 familia ilihamia Mondonio, na mwalimu wake mpya akawa padri aliyeitwa Giuseppe Cugliero. Darasa lilikuwa na jiko la kuni la kuwapasha watoto joto. Asubuhi moja ya baridi, kabla mwalimu hajaingia, wavulana wawili walilijaza mawe na theluji.

Mwalimu alipoona alikasirika sana. Kosa hilo lilistahili mtu afukuzwe shule. Wale wawili, kwa kuogopa, walimtaja Domenico. Mwalimu hakuamini kwanza, lakini walishikilia neno lao. Akamgeukia Domenico na kumkaripia mbele ya wote, akamwambia kwamba kama lisingekuwa kosa lake la kwanza angemfukuza palepale. Domenico aliinamisha kichwa na hakusema neno. Akapigishwa magoti katikati ya darasa.

Kesho yake ukweli ulijulikana. Mwalimu alimwita na kumwuliza kwa nini hakujitetea. Sababu zake zilikuwa mbili. Alijua kwamba mmoja wa wale wenzake alikwisha kufanya makosa mengine na sasa angefukuzwa, wakati yeye, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza, angeweza kusamehewa. Na alimkumbuka Yesu, aliyesingiziwa naye akanyamaza.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye mafundisho ya watoto, na mara nyingi huachwa hapo. Tunaomba kiangaliwe vizuri zaidi. Domenico hakunyamaza kwa woga, wala kwa kuona kwamba mtoto hana haki ya kusema. Alipima: adhabu yake itakuwa ndogo, ya mwenzake ingekuwa kubwa. Mtoto anayesingiziwa leo, au anayeumizwa na mtu mzima na kuambiwa anyamaze kama watakatifu, yuko katika jambo jingine kabisa, na kisa cha jiko kisitumiwe kumfunga mdomo. Majina ya wale wavulana wawili Don Bosco hakuyaandika.

Kitambaa na fundi

Padri Cugliero ndiye aliyempeleka mwanafunzi wake kwa Don Bosco. Walikutana tarehe 2 Oktoba 1854 huko Becchi, kitongoji alikozaliwa Don Bosco mwenyewe, mtoto wa wakulima maskini aliyefiwa na baba kabla ya kutimiza miaka 2. Don Bosco alimpa kijitabu na kumwambia ajifunze ukurasa mmoja, kesho amweleze. Akageuka kuzungumza na baba. Dakika 10 hazijapita, Domenico alikuwa amerudi, ukurasa anaujua kwa moyo na maana yake anaieleza. Kisha akamwambia padri kwamba yeye ni kitambaa na padri ni fundi, amshone vazi zuri kwa ajili ya Bwana. Mtoto wa mshonaji alizungumza kwa lugha ya nyumbani kwao.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo aliingia Valdocco, pembezoni mwa mji wa Torino. Msiwazie seminari tulivu. Torino ilikuwa inakua haraka, na vijana walimiminika kutoka vilimani kutafuta vibarua. Don Bosco alianza kwa kuwakusanya siku za Jumapili, halafu akawapa pa kulala wale wasio na kwao. Wengine walijifunza useremala na ushonaji, wengine walisoma. Mama yake Don Bosco, Margherita, ndiye aliyewapikia na kuwashonea viraka. Miongoni mwa wavulana hao walikuwamo wagomvi, wenye kuapa ovyo na watoro.

Masomo ya sekondari Domenico aliyafuata mjini, kwa mwalimu wa kulipwa. Huko wanafunzi wawili waligombana. Mmoja aliitukana familia ya mwenzake, huyu naye akajibu, na wakaahidiana kupigana kwa mawe mahali pa wazi nje ya mji, wakiwa mbali na macho ya wakubwa. Jiwe likimpata mtu kichwani linaua. Domenico alijaribu kuwapatanisha ikashindikana. Akaomba tu awafuate, na akawawekea sharti moja ambalo hakulitaja mapema.

Walipofika na kusimama na mawe yao, alijiweka katikati, akatoa msalaba mdogo aliokuwa nao. Sharti lilikuwa hili: kila mmoja autazame msalaba huo, aseme kwamba Kristo alikufa akiwasamehe waliomwua lakini yeye hataki kusamehe, kisha jiwe la kwanza amtupie Domenico. Alimwendea wa kwanza. Akakataa, kwa kuwa hakuwa na ugomvi naye. Alimwendea wa pili. Naye akakataa. Mawe yakaanguka. Habari hiyo, anaeleza Don Bosco, Domenico mwenyewe hakuitangaza. Walioisimulia ni wale wawili.

Mara nyingine alikuta wenzake wamezunguka gazeti lenye picha chafu, akalichana vipande vipande mbele yao. Wengine wetu tungeliona tendo hilo kuwa la ukali. Inaelekea hata baadhi ya waliokuwapo waliliona hivyo. Mvulana huyu mpole hakuwa laini.

Alipokatazwa kulala juu ya mawe

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1855 Don Bosco alitoa mahubiri kwa wavulana wake juu ya mambo matatu: kwamba Mungu anataka wote wawe watakatifu, kwamba si vigumu, na kwamba tuzo yake ni kubwa. Wengi walisikiliza wakaenda kucheza. Domenico aliwaka kama moto. Kwa siku kadhaa alikuwa kimya, amejitenga, uso umebadilika. Don Bosco akafikiri anaumwa.

Alipoulizwa alisema hakuwa mgonjwa. Alikuwa ametambua kwamba lazima awe mtakatifu, na hajui aanzie wapi. Mlezi mwingine angempa orodha ya sala na mifungo. Don Bosco alimwambia kwanza arudishe furaha yake. Afanye vizuri kazi zake za kila siku za masomo na sala. Na asikose kucheza na wenzake wakati wa mapumziko.

Domenico alitii, lakini somo hilo halikumwingia mara moja. Hadithi za watakatifu zilizosomwa siku zile zilijaa mifungo na mateso ya mwili, na yeye alitaka kufanana nao. Alitaka kufunga kwa mkate na maji kila Jumamosi. Akakatazwa. Akaanza kuweka mawe madogo na vipande vya mbao kitandani ili asilale vizuri. Akakatazwa. Usiku mmoja wa baridi kali Don Bosco alimkuta amejifunika kitambaa chepesi tu, amejikunja kwa baridi. Kijana akajieleza kwamba Yesu horini na msalabani hakuwa na nguo zaidi ya hizo. Padri alimwamuru asifanye tena kitubio cha mwili cha namna yoyote bila ruhusa.

Domenico alihuzunika, akauliza afanyeje basi, ikiwa Injili inadai toba. Jibu alilopewa, kwa ufupi, ni kwamba kitubio chake ni utii. Avumilie joto, baridi, upepo, uchovu na ugonjwa vinapokuja vyenyewe, na amtolee Mungu hivyo hivyo.

Tunakawia hapa makusudi. Hata leo kuna wanafunzi wa bweni wanaofunga kwa siri mpaka wanaanguka darasani, na wengine wanaoacha vitabu wiki ya mitihani wakisema wako kwenye maombi. Wanafanya kwa nia njema, kama Domenico. Yeye alikuwa na bahati ya kuwa na mtu aliyemjua, aliyemwungamisha, na aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia hapana. Bila mtu huyo, tunavyoona sisi, angejidhuru, na pengine leo asingekumbukwa na mtu.

Mabadiliko yalionekana. Kijana mgeni aitwaye Camillo Gavio, fundi wa kuchora aliyetoka tu kuugua, alisimama peke yake uwanjani akiwatazama wenzake. Domenico alimwendea, akazungumza naye, na alichomweleza ni kwamba pale Valdocco utakatifu wao ni kukaa kwa furaha sana na kutimiza wajibu vizuri. Somo alilopewa kwa shida sasa alikuwa akiligawa. Urafiki huo ulikuwa mfupi, kwani Gavio alifariki Desemba 1855. Rafiki mwingine, Giovanni Massaglia, alifariki Mei 1856. Domenico alilia sana. Wavulana wa enzi ile walizikana mara kwa mara.

Tarehe 8 Juni 1856 yeye na wenzake wachache walianzisha kikundi kwa heshima ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kilikuwa na kanuni 21, nyingi zikiwa za kawaida kabisa: kushika taratibu za nyumba, kutopoteza muda, kusaidiana. Sehemu yenye akili ilikuwa kazi yao ya kimyakimya. Kila mwanachama alikabidhiwa mvulana mmoja au wawili walio wagumu, au wapya na wapweke. Kati yao waliwaita wateja. Kazi ya mwanachama ilikuwa kuwa rafiki wa mteja wake: kucheza naye, kumsaidia masomo, kumtuliza akikasirika, na polepole kumkaribisha kwenye maungamo. Hakuhubiriwa mtu hapo.

Safari ya kurudi Mondonio

Mwili wake haukuwahi kuwa na nguvu. Mganga aliyemwona alimshauri aache masomo kwa muda na apumzike. Kikohozi kilipozidi, Don Bosco aliamua arudi kwao akabadilishe hewa. Domenico hakutaka. Alisema angependa kumalizia maisha yake palepale, na alipoaga alizungumza kama mtu asiyetarajia kurudi. Aliondoka na baba yake tarehe 1 Machi 1857.

Mganga wa kijijini aliona ni uvimbe wa ndani na akatumia tiba iliyoaminiwa wakati ule, kumtoa damu. Kwa siku chache alichanjwa mara 10. Leo inajulikana kwamba tiba hiyo ilimmaliza mgonjwa nguvu alizobaki nazo. Mganga alifurahi, akaona mgonjwa anaendelea vizuri. Mgonjwa akaomba sakramenti.

Jioni ya tarehe 9 Machi alimwomba baba yake achukue kitabu chake cha sala na kumsomea sala za kifo chema. Mhunzi alisoma, mama yake akatoka kwenda kulia chumba kingine. Domenico alifuatisha maneno hadi mwisho, akamwaga baba yake, na akafariki. Alibakiza wiki 3 na siku chache kutimiza miaka 15. Carlo ndiye aliyemwandikia Don Bosco kumpa habari.

Miaka mingi baadaye, jina lake lilipopelekwa Roma, walikuwapo waliosema mvulana wa miaka 14 hajaishi vya kutosha kuweza kuitwa mtakatifu. Hakuwa mfiadini, alichokuwa nacho ni miaka michache ya shule. Jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu. Papa Pius XI alikubali mwaka 1933 kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa, naye Papa Pius XII alimtangaza mwenyeheri mwaka 1950 na mtakatifu tarehe 12 Juni 1954. Mwalimu wake, Don Bosco, alikuwa amemtangulia kutangazwa mtakatifu, mwaka 1934.

Kile kikundi cha wavulana hakikufa naye. Tarehe 18 Desemba 1859 Don Bosco aliwakusanya vijana wachache chumbani mwake kuanzisha shirika la Wasalesiani, na wengi wao walikuwa wanachama wa kikundi hicho. Mmoja, Michele Rua, alikuja kumrithi Don Bosco. Mwingine, Giovanni Cagliero, aliongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina mwaka 1875, na akafa akiwa kardinali. Shirika hilo lilifika Lubumbashi, Kongo, mwaka 1911, na Kenya na Tanzania mwaka 1980. Ndiyo maana jina la mtoto wa mhunzi wa Mondonio limebandikwa leo kwenye mabweni na vikundi vya watoto katika nchi zetu. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 6 Mei.